Ndege katika fumbo la maneno: upatanisho wa kisarufi unavyoficha au kufichua jibu

Fumbo la maneno ni jedwali la visanduku ambamo majibu huandikwa herufi moja moja, mengine yakilala na mengine yakisimama, na kila jibu hutafutwa kwa msaada wa dokezo fupi. Watu wengi huliita pia chemshabongo, ingawa neno hilo hujumuisha maswali mengine ya kupima akili. Katika makala haya tunatumia istilahi nne: *dokezo* kwa maelezo yanayoelekeza kwenye jibu, *mlalo* na *wima* kwa mielekeo miwili ya majibu, na *mtungaji* kwa anayeliandaa fumbo. Tarakimu iliyo katika mabano mwishoni mwa dokezo huonyesha idadi ya herufi za jibu.

Ndege wamekuwamo katika mchezo huu tangu siku ya kwanza. Fumbo linalohesabiwa kuwa la kwanza la aina hii lilitungwa na Arthur Wynne na kuchapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Ndani yake jina la njiwa kwa Kiingereza lilitumika mara mbili kama jibu, mara moja kwa dokezo la "ndege" na mara nyingine kwa dokezo la aina ya njiwa. Sababu ni nyepesi: majina ya ndege ni mafupi, yanafahamika, na mengi yana maana ya pili.

Kiswahili nacho kina utajiri huo. Tai huruka na tai huvaliwa. Kanga hutaga na kanga hufungwa kiunoni. Hata hivyo, mtungaji wa Kiswahili anakabiliwa na kikwazo asichokijua mwenzake wa Kiingereza, nacho ni ngeli. Mara tu anapoandika kitenzi, kivumishi au kiunganishi *-a*, kiambishi hutangaza kama anayezungumziwa ni kiumbe au kitu. Makala haya yanaeleza jinsi mtungaji anavyoweza kuficha bila kuvunja sarufi. Mifano yetu mingi inatoka Njombe na Makambako, ambako majina ya ndege na ya mahali yanakutana kwa namna inayofaa sana kufundishia.

1. Ndege na mtu: ngeli moja, maana mbili

Kundi lililo rahisi kulitungia ni la majina ya ndege yanayotumika pia kwa watu. Ndege na mtu wote wamo katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo upatanisho haufichui lolote.

*Kasuku*: ndege anayeiga sauti, pia mtu anayerudia maneno ya wengine bila kuyatafakari.
*Chiriku*: ndege mdogo mwenye kelele, pia mtu msemaji kupita kiasi.
*Kunguru*: ndege wa jalalani, pia mtu mwoga, kwa mujibu wa methali isemayo kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.
*Kipanga*: ndege mla nyama, pia, katika lugha ya shuleni na mitaani nchini Tanzania, mwanafunzi mwenye akili nyingi.

Dokezo kama "Anasema aliyoyasikia, hajui alichokisema (6)" ni sahihi kisarufi kwa kasuku wa tunduni na kwa kasuku wa darasani. Mtungaji anahitaji tahadhari moja tu, nayo ni eneo la matumizi. Maana ya *kipanga* kama mwanafunzi hodari inaeleweka mara moja Makambako, lakini msomaji wa nje ya Tanzania anaweza asiijue. Ndivyo ilivyo pia kwa msemo *kula bata*, yaani kustarehe. Kwa wasomaji wa nchi mbalimbali, dokezo la aina hiyo liongezewe alama ya "mtaani".

2. Ndege na kitu: upatanisho unapofichua

Ugumu huanza pale jina moja linapomtaja ndege na kitu. Linganisha jozi zifuatazo:

*Ndege*: ndege ametua (kiumbe) / ndege imetua (chombo cha usafiri).
*Tai*: tai huyu / tai hii (ya shingoni).
*Kanga*: kanga wangu (wa kufugwa) / kanga yangu (nguo).
*Chozi*: chozi ananyonya ua / chozi limedondoka.
*Korongo*: korongo wawili / makorongo mawili (mabonde yenye kingo kali).
*Mbuni*: mbuni mmoja (ndege) / mbuni mmoja (msanifu) / mbuni umezaa (mti wa kahawa).

Jozi ya *chozi* inastahili maelezo. Chozi ni ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayenyonya utamu wa maua. Wingi wa chozi la jichoni ni *machozi*, ilhali ndege hubaki *chozi* katika umoja na wingi. Neno *mbuni* lina zaidi: maana zake mbili za kwanza hulingana katika umoja, kisha huachana katika wingi, kwa kuwa wasanifu ni *wabuni*, ndege ni *mbuni*, na miti ni *mibuni*.

Sasa tazama dokezo ambalo mtungaji asiye makini huweza kuliandika: "Ndege anayefungwa shingoni (3)". Jibu linalokusudiwa ni TAI. Kosa lake ni kwamba kiambishi *a-* katika *anayefungwa* ni cha kiumbe, na kiumbe hicho hakifungwi shingoni. Mtungaji amemwazima ndege kiambishi na kukibandika kwenye nguo. Msomaji mzima atatabasamu na kusonga mbele, lakini mwanafunzi aliye katikati ya mada ya ngeli atajifunza kwamba upatanisho unaweza kupuuzwa, na kosa hilo litamgharimu alama mahali pengine. Ucheshi wa fumbo usinunuliwe kwa bei ya sarufi.

Kinyume chake ni dokezo "Tai iliyochafuka (3)", ambalo ni sahihi lakini halifichi chochote, kwani *i-* imekwisha kumfukuza ndege. Tunahitaji njia ya kusema kweli mbili kwa wakati mmoja.

3. Zana zisizo na ngeli

Kiswahili kina maumbo ambayo hayachukui upatanisho. Mtungaji anayeyajua ana zana zote anazozihitaji.

*a) Kiambishi* hu- *cha mazoea.* Hiki ndicho zana kuu. *Hu-* hakitanguliwi na kiambishi cha nafsi wala cha ngeli: mtu hulala, mto hutiririka, mawe huporomoka. Kwa hiyo dokezo "Hutua Songwe, hutua pia mtini (5)" ni sahihi kwa chombo kinachotua katika uwanja wa ndege wa Songwe mkoani Mbeya na kwa kiumbe kinachotua juu ya mti. Jibu ni NDEGE. Methali nyingi pia hujengwa kwa *hu-*, kwa sababu husema jambo la siku zote. Ndiyo maana dokezo la namna hii husikika kama Kiswahili cha kawaida.

*b)* Bila *pamoja na kitenzi-jina.* Kiambishi *hu-* hakina ukanushi wake. Ukikanusha, upatanisho hurudi: *haruki* ni kiumbe, *hairuki* ni kitu. Njia ya kukwepa ni kutumia *bila*, kama katika "Hukimbia bila kuruka".

*c) Vivumishi visivyobadilika.* Vivumishi vingi vyenye asili ya Kiarabu havichukui viambishi: *safi, ghali, hodari, laini, maridadi*. "Kanga maridadi" inaweza kuwa yenye madoadoa ya manyoya au ya rangi za kiwandani. Ukiandika *mzuri* au *nzuri*, siri imetoka.

*d)* Kila, gani, ni *na* si. "Kila ndege", "tai gani?" na "si kanga" hubaki bila kuegemea upande wowote.

*e) Neno* jina. Badala ya kukizungumzia chenyewe, zungumzia jina lake. Katika "jina lake huruka angani", *la-* inapatana na *jina*. Mzizi *-ake* hautofautishi mwenye kumiliki awe ndege au nguo.

Tukiziunganisha zana hizo tunapata madokezo kama haya:

"Hukaa shingoni, na jina lake huruka angani (3)": TAI.
"Hudondoka shavuni, au hunyonya maua (5)": CHOZI.
"Hukimbia bila kuruka, huzaa buni, au husanifu mavazi (5)": MBUNI.
"Maji huchimba, miguu mirefu hutembea (7)": KORONGO.

Dokezo la *mbuni* limebeba maana tatu zilizo katika ngeli mbili, na kila kitenzi kimesimama sawasawa. Dokezo la *korongo* linaeleweka vizuri kwa msafiri wa barabara ya Iringa kwenda Makambako, kwani kando ya barabara hiyo, karibu na Iringa, ndipo lilipo korongo la Isimila, linalojulikana kwa nguzo zake za udongo na zana za kale za mawe.

4. Michezo ya herufi na silabi

Kundi la tatu halitegemei maana mbili za neno bali umbo lake. Hapa ngeli hainyimi uhuru, na Kiswahili kinatoa zawadi nyingi.

*Kukata mwanzo.* Ondoa K katika *kanga*, hubaki *anga*. Ondoa M katika *mwewe*, hubaki *wewe*. Ondoa silabi ya kwanza ya *kunguru*, hubaki *nguru*, ambaye ni samaki. Madokezo: "Huvaliwa kwa jozi, ondoa herufi ya kwanza, hubaki pa kurukia (5)", na "Hunyakua vifaranga, ondoa herufi ya kwanza, hubaki msomaji (5)".

*Kudondosha katikati.* *Njiwa* bila W ni *njia*.

*Kuficha ndani ya neno refu.* Kila kitenzi-jina ambacho mzizi wake unaanza na *ku-* humficha kuku: *kukubali, kukumbuka, kukuta*. Kila kitenzi kinachoanza na *i*, kikiwekwa katika wakati ujao, humficha tai: *nitaimba, watainuka*. Bata yumo ndani ya *kibatari*, na kanga ndani ya *mkanganyiko*.

*Kinyume.* Pwani kuna mchezo wa kale wa kusema kwa kupeleka silabi ya mwisho mwanzoni mwa neno. Mchezo huo huitwa *kinyume*, na Edward Steere aliueleza katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha mwaka 1870. Mtungaji wa leo hana haja ya kuiga mtindo wa kuvuruga herufi ovyo, kwani kinyume tayari ni kanuni ya Kiswahili. Tai kwa kinyume ni *ita*. Dokezo: "Nguo ya shingoni kwa kinyume: alika (3)", na jibu ni ITA.

Kuhusu uandishi wenyewe, tunapendekeza kila herufi ipewe kisanduku chake, hata katika *ch*, *nj*, *mb* na *ng*. Alama ya ritifaa katika *ng'* huachwa. Kwa hesabu hiyo majina mengi ya ndege yana herufi tano: *kanga, ninga, njiwa, mwewe, kware, tausi, bundi, mbuni, chozi, jogoo*, na *ndege* lenyewe. Ni urefu unaofaa kwa jedwali dogo la darasani. Na kwa kuwa neno la Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, mwanafunzi ana msaada mmoja wa bure: kisanduku cha mwisho kina uwezekano wa herufi tano tu.

5. Njombe na Makambako katika visanduku

Majina ya mahali ya mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa, yanakubali michezo hii kwa urahisi.

*Ninga.* Kamusi humweleza ninga kuwa ndege wa jamii ya njiwa mwenye rangi ya kijani. Ninga pia ni kata katika wilaya ya Njombe. Hatudai kwamba kata ilipewa jina la ndege. Fumbo linahitaji tu kwamba maandishi yafanane, kama ilivyo kwa kwale na Kwale ya pwani ya Kenya. Dokezo: "Huvaa kijani kati ya njiwa, pia ni kata ya Njombe (5)".

*Makambako.* Mji huu upo pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, na una stesheni ya reli ya TAZARA. Ndani ya jina lake, kuanzia herufi ya tatu hadi ya saba, limo neno *kamba*. Methali inasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Dokezo: "Njiapanda ya kusini, ndani yake mna kitu asichokosa kuku mgeni (9)".

*Njombe.* "Badili herufi ya pili ya mfugo, upate makao makuu ya mkoa (6)": *ng'ombe* bila ritifaa huwa *njombe*. Jina hili limesafiri mbali pia katika elimu ya ndege. Ndege mmoja mdogo wa nyasi za nyanda za juu, anayepatikana kusini mwa Tanzania na maeneo ya jirani ya Malawi na Zambia, huitwa kisayansi *Cisticola njombe*, jina alilopewa na Hubert Lynes mwaka 1933. Mtu anayemtaja ndege huyo kwa jina la kisayansi, popote alipo duniani, anautaja mji wa Njombe.

*Kipengere.* Safu hii ya milima nayo imo katika jina la Kiingereza la ndege mmoja mla mbegu wa Tanzania. Dokezo: "R ikiwa L, safu ya milima hugeuka sehemu ya mkataba (9)". Jibu ni KIPENGERE, kwa kuwa *kipengele* hutofautiana nalo kwa herufi moja. Dokezo hili lina manufaa ya pekee kwa wanafunzi wanaochanganya *r* na *l*.

Mifano hii inaonyesha pengo ambalo walimu wanaweza kusaidia kulijaza. Kamusi za Kiswahili zilianza na msamiati wa pwani, na ndege wa pwani wamehudumiwa vizuri ndani yake. Nyanda za juu zina ndege wao. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na inayosifika kwa maua yake, ni makazi ya tandawala na ya mbayuwayu wa buluu aliye hatarini kutoweka. Mwanafunzi wa Makete anaweza kumjua ndege kwa jina la lugha ya nyumbani na asiwe na neno la Kiswahili la kumwandikia kisandukuni. Katika hali hiyo mtungaji asibuni jina. Atumie jina la jumla linalokubalika, na jina la nyumbani liandikwe pembeni pamoja na lugha yake na mahali lilipopatikana. Orodha kama hiyo ni malighafi ya kamusi.

6. Kwa mfasiri

Mchezo wa maneno haufasiriwi neno kwa neno. Kwa Kiingereza, jina la korongo ndilo jina la mtambo wa kunyanyulia mizigo, na jina la mbayuwayu ndilo kitenzi cha kumeza. Kwa Kiswahili mtambo ni *kreni* na kitenzi ni *meza*, wala hakuna ndege ndani yake. Mfasiri akilazimisha mbayuwayu "ameze", msomaji hataona mchezo bali kosa.

Njia iliyo salama ni kujiuliza maswali matatu. Je, dokezo la asili linategemea maana mbili au umbo la neno? Je, jedwali limekwisha kuchorwa, au urefu wa jibu unaweza kubadilika? Je, ni lazima awe ndege yule yule, au ndege yeyote atatosha? Mara nyingi jibu la swali la tatu ni kwamba yeyote atatosha. Hapo korongo wa mtambo hubadilishwa kwa tai wa shingoni, na kazi hubaki kuwa ile ile: msomaji afikirie ndege, kisha agundue kitu.

Agizo hilo linafanya kazi pia kwa anayefasiri kutoka Kiswahili. Maneno "chozi lake" yakisimama peke yake katika maandishi ya kifasihi, tazama upatanisho wa kitenzi kinachofuata kabla ya kuamua kwamba mtu analia.

7. Kwa mwalimu

Jedwali lifuatalo linaweza kuchorwa ubaoni kwa dakika chache. Andika visanduku tisa vya mlalo kwa MAKAMBAKO. Kutoka kisanduku cha kwanza, cha tatu, cha tano na cha nane teremsha majibu manne ya wima: MWEWE, KANGA, MBUNI na KORONGO. Herufi za kukutania ni M, K, M na K. Umbo lote hufanana na kitana chenye meno manne, na madokezo yake yote yamo katika makala haya.

Baada ya majibu kupatikana, kazi ya sarufi ndiyo inaanza. Mwanafunzi aandike sentensi moja kwa kila maana ya jibu, akitumia wakati uliopo au uliopita badala ya *hu-*:

Mbuni amekimbia. Mbuni umechanua. Mbuni ameshona gauni.
Kanga ametaga. Kanga imechuja.
Korongo amesimama mtoni. Korongo limepanuka.

Kile *hu-* ilichokificha katika dokezo sasa lazima kijitokeze katika sentensi. Mwanafunzi aliyebahatisha jibu kwa kuhesabu herufi hataweza kuipita hatua hii, na aliyeelewa ataipita kwa furaha. Kisha mgeuzie kazi: mpe neno *ndege* au *tai*, umwambie atunge dokezo lake lisilo na kiambishi cha ngeli hata kimoja kinachomfichua ndege. Wanafunzi wakibadilishana madokezo, kila mmoja atafute kiambishi kilichomponyoka mwenzake.

Kwa muhtasari: ndege na mtu, tunga kwa uhuru, ndege na kitu, tumia *hu-*, *bila*, vivumishi visivyobadilika na neno *jina*, mchezo wa herufi, hesabu visanduku. Dokezo zuri ni lile ambalo, jibu likishajulikana, kila kiambishi chake hubaki kuwa sahihi.